Sahani ya Danieli na Aliyeipakua

Soma kwa ajili ya somo hili: Danieli 1:8–16, Luka 14:28–30, Yohana 9:1–3, 2 Wafalme 20:1–7, 1 Samweli 2:29 na 4:18, 1 Wakorintho 6:19, 20.

Katika Shinyanga na Geita, mtu akirudi safari amenenepa husifiwa. Huambiwa kwamba huko alikokuwa kumemkubali. Akirudi amekonda, watu hupunguza sauti. Sababu yake inajulikana. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baada ya hapo familia za Kanda ya Ziwa zilizika ndugu ambao kwanza walikonda. Kwenye machimbo, kukonda kulikuwa pia dalili ya kifua kikuu, au ya vumbi la mawe lililokaa mapafuni. Mwili mnene ukawa ushahidi kwamba mtu ni mzima, kwamba nyumbani kuna chakula, kwamba mume anatunza. Haifai kuucheka ushahidi huo, kwa maana ulizaliwa na misiba.

Lakini siku hizi mwili huohuo ndio unaojaza kliniki za kisukari na shinikizo la damu. Utafiti wa taifa wa demografia na afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, wapatao 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Fedha ya dhahabu imebadili chakula. Penye mtama, michembe na matobolwa pamekaa sembe nyeupe, chipsi mayai, maandazi na soda, na penye mwendo wa miguu pamekaa bodaboda. Kijana anayepandisha mifuko ya mawe kutoka shimoni huyatumia anayoyala. Mama anayempikia hukaa jikoni tangu alfajiri hadi usiku akionja, akila makombo kwa kuwa kutupa chakula ni dhambi, na mlo wake mwenyewe akiula saa nne za usiku.

Tuseme basi ni mama mmoja wa Katoro, mwenye kibanda cha chakula. Ana miaka 44, urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 108. Ukigawanya uzito huo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 42. Tangu mwaka 1991 madaktari wengi duniani wametumia kipimo cha 40 na kuendelea, au 35 na kuendelea kwa mwenye ugonjwa kama kisukari, kumfikiria mtu kwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Mama huyu ana kisukari. Magoti yanamuuma. Usiku hukoroma, kisha pumzi hukatika, hata mume huamka kumtikisa. Amekwisha kupungua mara tatu kwa juhudi zake mwenyewe, mara moja kilo kumi, na kila mara zilirudi na nyongeza. Sasa daktari wa Mwanza amemweleza juu ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, jijini Dar es Salaam, ambako hutolewa huduma ya kuweka puto tumboni na ya upasuaji wa kupunguza tumbo.

Habari ilipofika nyumbani, mume aliuliza bei. Mama mkwe aliuliza kama mtu anaweza kuishi bila tumbo. Na mzee wa kanisa, kwa upole kabisa, aliuliza swali lililomkosesha mama usingizi: je, huku si kumwachia kisu kazi ambayo Roho Mtakatifu alipaswa kuifanya?

Kiasi na kisu

Swali la mzee halina ubaya. Kiasi kimetajwa katika tunda la Roho (Wagalatia 5:22, 23), na kanisa hili limefundisha kiasi tangu Ellen White alipopewa njozi ya afya huko Otsego, Michigan, Juni 1863. Ikiwa mtu anaweza kulipa fedha ili akatwe tumbo, kwa nini aombe nguvu ya kukataa sahani ya pili?

Shida ya swali hili ni kwamba linadhani kila uzito umetokana na sahani ya pili. Wanafunzi wa Yesu walidhani vivyo hivyo walipomwona kipofu wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake (Yohana 9:2). Yesu hakuwajibu kwa kutaja mkosaji. Mwili wa binadamu umeumbwa uweze kuvuka njaa. Mtu mnene akipunguza chakula kwa miezi, mwili hupunguza matumizi yake na kuongeza njaa, kana kwamba ukame umeingia Usukumani, na haujui kwamba ghala limejaa. Urithi wa wazazi una sehemu yake. Dawa nyingine zina sehemu yake. Ulafi nao upo, na Maandiko hayaufichi, ila asiyeishi ndani ya mwili wa mwenzake hana mizani ya kupimia kiasi gani ni ulafi na kiasi gani ni ugonjwa.

Wengine humtaja Eli. Ni kweli kwamba 1 Samweli 4:18 husema alikuwa mzee, tena mzito, akaanguka akafa. Lakini shtaka lake limeandikwa mapema, katika 2:29, nalo ni kwamba aliwaheshimu wanawe kuliko Mungu, wakajinenepesha pamoja kwa sadaka za watu. Dhambi hiyo ilikuwa ya nyumba nzima, ikihusu chakula kilichokuwa mali ya wengine. Anayelitumia fungu hili kumtazama dada mnene akiingia kanisani ameliacha nusu.

Upande wa pili wa swali ndio wenye uzito zaidi: je, kisu huondoa haja ya kiasi? Aliyekwisha kueleweshwa vizuri na daktari hawezi kudhani hivyo. Katika upasuaji unaofanywa zaidi, sehemu kubwa ya tumbo, karibu asilimia 80, huondolewa kupitia matundu madogo, na linalobaki hufanana na mfuko mwembamba mrefu. Sehemu iliyoondolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi kichocheo kiletacho njaa, kwa hiyo kwa muda njaa hupungua. Kwa muda. Mtu anaweza kunywa soda na uji wa sukari mchana kutwa kwa kijiko kidogo, na uzito ukarudi. Wapo ambao umerudi. Upasuaji humpa mtu nafasi ya kusikia sauti yake mwenyewe pasipo kelele ya njaa. Atakalolisema katika ukimya huo ni lake na Mungu wake.

Hezekia aliomba akilia, akasikiwa, akaongezewa miaka 15, na bado Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi yalikuwa yamekwisha kujibiwa, na dawa ikapakwa. Kanisa letu nalo halikuwahi kuuona mkasi wa daktari kuwa adui wa ujumbe wa afya. Mwaka 1866 lilifungua taasisi ya afya Battle Creek, ambayo baadaye iliongozwa na John Harvey Kellogg, aliyekuwa daktari wa upasuaji. Wako wanaopenda kutaja pia usingizi wa Adamu katika Mwanzo 2 kuwa upasuaji wa kwanza. Ni mfano mzuri wa mahubiri, lakini mama wa Katoro asipande basi la Dar es Salaam kwa nguvu ya mfano huo peke yake.

Hesabu ya mnara

Yesu alisema juu ya mtu aketiye kwanza akapiga gharama kabla ya kujenga mnara (Luka 14:28). Mara nyingi fungu hilo husomwa kwa habari ya ufuasi tu, na ndiyo maana yake. Lakini mfano wenyewe ulichukuliwa kutoka kwa watu wanaohesabu fedha.

Bei iulizwe hospitali yenyewe, si kwa jirani aliyesikia. Kisha yahesabiwe yale yasiyo kwenye karatasi ya hospitali: nauli ya watu wawili, chumba cha kukaa Dar es Salaam kabla na baada, kibanda kitakachofungwa kwa majuma kadhaa, na vidonge vya vitamini na madini ambavyo havitaisha mwaka huu wala mwaka ujao, kwa maana ni vya maisha yote, pamoja na vipimo vya damu vya kila mwaka. Kutoka Katoro hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji asikalishwe kwenye kiti cha basi usiku kucha pasipo ruhusa ya daktari, kwa kuwa damu huweza kuganda miguuni. Nyumba iliyohesabu nauli ya kwenda na kurudi katika juma lilelile haijahesabu mnara.

Hapa ndipo kaya nyingi hukwama, nayo ni sehemu ngumu ya kimaadili kuliko kisu chenyewe. Fedha hiyo ni ng'ombe. Ni ng'ombe wanne au watano, na huenda ndio waliotengwa kwa ada ya binti anayekwenda chuo. Je, mama ana haki ya kuuza ada ya mwanawe ili apone? Na baba ana haki ya kukataa, akisema kisukari kina vidonge vyake? Kwa maadili ya kaya ya Kikristo, ugonjwa wa mama ni deni la nyumba, kama ulivyo ugonjwa wa mtoto. Mama aliyewalisha wengine miaka 20 asifanywe mwombaji kwenye zizi alilolisaidia kujaa. Lakini deni la nyumba hulipwa na nyumba nzima ikijua. Binti aketi kwenye kikao hicho. Aambiwe ukweli kuhusu ada, aulizwe, na neno lake lisikike. Kuuza kwa siri, hata kwa kusudi jema, kutaacha kidonda ambacho daktari wa Mloganzila hatakishona.

Kuna pia mume anayemsukuma mkewe akapunguzwe tumbo ili apendeze machoni pa wenzake. Huyo na anyamaze kwanza. Mwili wa mkewe ni hekalu la Roho Mtakatifu kabla haujawa sifa yake. Na yupo mke anayeficha woga wake kwa kuwa mume amekwisha kutangaza habari hiyo kwa rafiki zake. Upasuaji huu ni wa kuchagua kwa akili timamu, na mtu anaweza kubadili nia hata akiwa amevaa gauni la hospitali.

Gharama nyingine ni hatari. Wanaokufa kwa sababu ya upasuaji huu ni wachache, chini ya mtu mmoja katika mia, lakini huyo mmoja ni mama wa mtu. Mshono wa tumbo huweza kuvuja siku za mwanzo. Homa, mapigo ya moyo ya haraka, maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma: kila mtu mzima wa nyumba azijue dalili hizi, na ajue kwa jina hospitali ya karibu yenye daktari wa upasuaji, iwe ya mkoa wa Geita, Chato au Bugando kule Mwanza. Usiku wa manane si wakati wa kuanza kuulizana.

Na matarajio yahesabiwe. Kwa wengi, baada ya miaka michache, takribani robo ya uzito hupungua. Robo ya 108 ni 27. Mama huyu huenda akabaki na kilo 81, akiwa na ngozi iliyolegea, magoti yenye nafuu, sukari iliyoshuka, na usingizi usiokatika. Hatakuwa msichana aliyeolewa miaka ya nyuma. Akimtarajia huyo, atajiona ameshindwa siku aliyofaulu.

Mwanamke ambaye bado anazaa ana jambo la ziada. Uzito ukipungua, mimba hushika kwa wepesi zaidi, na madaktari hushauri mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Hilo ni la mume na mke kukubaliana kabla ya safari, pamoja na mtaalamu wa uzazi wa mpango.

Msimamizi wa sahani

Danieli aliazimu moyoni mwake. Tunalijua fungu hilo tangu darasa la watoto. Lakini endelea kusoma mpaka aya ya 16, ukiangalia ni nani anayefanya kazi. Danieli hakuwa na ufunguo wa jiko la Babeli. Azimio lake lingebaki moyoni kama msimamizi asingekubali kuondoa posho ya mfalme na kuleta chakula kingine, siku kumi, bila kukosa. Biblia ya Kiswahili ya Union hukitaja chakula hicho kuwa mtama, neno ambalo msomaji wa Kisukuma hahitaji kufafanuliwa. Tena Danieli hakula peke yake. Walikuwa wanne.

(Wanaodhani Biblia inachukia unene watazame pia aya ya 15. Dalili kwamba vijana wale walikuwa wazima ilikuwa ni kunenepa kwao. Babeli na Usukuma wangeelewana.)

Nyumba nyingi humwandaa mgonjwa na kusahau kumwandaa mpakuaji. Katika majuma mawili hivi kabla ya upasuaji, hospitali humtaka mtu ale chakula chenye wanga na mafuta kidogo ili ini lisinyae, kwa sababu ini limelala juu ya tumbo na daktari hulazimika kuliinua. Hapo ndipo siku kumi za Danieli zinapopata nyumba. Ikiwa mama atapika ugali na nyama ya kukaanga kwa watu saba, kisha akae pembeni na bakuli lake la mboga, ameachwa peke yake Babeli. Ikiwa nyumba yote itakula mboga, maharage na dagaa kwa majuma hayo, hakuna atakayekufa, na watoto watakuwa wamejifunza kitu ambacho hakuna mahubiri yangewafundisha.

Baada ya upasuaji chakula huanza kwa vimiminika, kisha vya kusaga, kisha laini, na ni baada ya majuma kadhaa ndipo chakula cha kawaida hurudi, kikiwa vijiko vichache. Maji hunywewa kwa mafunda madogo siku nzima, wala si pamoja na mlo. Protini hutangulia: maziwa, mayai, samaki, maharage yaliyosagwa, soya. Ugali huja mwisho, na siku nyingi hautafikiwa. Wale walioacha nyama kwa ajili ya ujumbe wa afya wamwambie daktari waziwazi, kwa kuwa tumbo lililopunguzwa huifyonza vitamini B12 kwa shida, na asiyekula vyakula vya wanyama huipata kidogo tangu mwanzo. Upungufu wake huja polepole, ganzi miguuni, kusahau, uchovu, na watu hudhani ni uzee.

Mama mkwe ndiye atakayeumia zaidi, na inafaa kumfikiria kwa huruma. Maisha yake yote amejua njia moja ya kumwambia mkwe wake kwamba anampenda, nayo ni kupakua hadi sahani ijae. Sasa mkwe anakula vijiko vitatu na kuisukuma. "Mwanangu, chakula changu kimekuwa kibaya?" Asipoelezwa mapema, kwa heshima, na mwanawe mwenyewe tena mbele ya mkewe, ataanza kubembeleza, na kubembeleza kutageuka lawama. Akielezwa, anaweza kuwa msaada mkubwa kuliko wote. Yeye ndiye anayejua kuchemsha mlenda, kusaga karanga, na kupika uji mwepesi wa mtama usio na sukari. Apewe kazi hiyo. Sahani ndogo anunue yeye.

Kanisa linapoalika

Kanisa nalo ni mpakuaji. Kwenye chakula cha pamoja siku ya Sabato, na zaidi kwenye makambi, dada hupita na sufuria akiongeza bila kuuliza, na kukataa huonekana majivuno. Akina mama wa Dorkasi wanaweza kukubaliana jambo dogo: kila mtu ajipakulie.

Kufunga ni jambo jingine. Kila Januari kanisa huwa na siku kumi za maombi, na vikundi vingine hufunga bila chakula wala maji. Mtu ambaye tumbo lake hupokea maji kwa mafunda hawezi kuyalipia jioni maji aliyoyakosa mchana. Anayetumia dawa za kisukari yumo katika hatari zaidi. Kiongozi wa maombi aseme hadharani, bila kumtaja mtu, kwamba wenye sababu za afya wafunge kwa njia nyingine. Isaya 58 inawapa njia nyingi.

Kisha yapo maneno ya sokoni. Miezi sita baada ya safari, mama atakuwa amepungua sana, na Katoro itakumbuka miaka ile. Wateja wanaweza kuacha kula kwake. Kaya iamue kabla ya safari ni nani ataambiwa nini. Hakuna anayedaiwa historia ya ugonjwa wake, na kunyamaza si uongo. Lakini watoto wapewe sentensi moja ya kweli ya kusema shuleni, kwa maana wao ndio watakaoulizwa kwanza. "Mama alitibiwa Dar, anaendelea vizuri" inatosha.

Mzee wa kanisa aliyeuliza swali la kwanza bado yupo. Akienda kumwombea mama kabla ya safari, atakaribishwa chakula, kama desturi ilivyo. Nyumba hiyo itakuwa kwenye juma la pili la mboga na maharage, bila ugali, bila soda kwa mgeni. Soma tena Danieli 1:11–14, kisha darasa lijadili: mzee afanye nini na sahani atakayowekewa?